Paka Kabla: Maneno Yangu kwa Wanaouguza Nyumbani

Maneno haya niliyasema Newala, kusini mwa Tanzania, mbele ya akina mama, akina baba na vijana wanaouguza ndugu zao nyumbani, pamoja na wahudumu wa afya wa vijiji vya jirani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nilichoondoa ni makofi, na mahali niliposimama kunywa maji.

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo? Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kuwataja mmoja mmoja jua litatuchwea hapa, na huko nyumbani mgonjwa wa mtu atakuwa ameshalowa.

Naona mmecheka. Vizuri. Neno "kulowa" limeshasemwa na paa halijaanguka. Tuendelee.

Nimeombwa nizungumzie ngozi ya mgonjwa asiyeweza kuzuia haja. Mnawajua. Ni baba aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Ni bibi ambaye kumbukumbu imemtoka, hajui tena choo kiko wapi. Ni kijana aliyeanguka kutoka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo. Ni mama aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto akapotea, na tangu siku hiyo mkojo haukauki. Kila mmoja wenu hapa ana wake, ndiyo maana mmekuja, ingawa wengine mmewaambia majirani kwamba mnakuja kwenye mkutano wa pembejeo.

Sisi wanawake wa huku kusini tulifundwa. Unyagoni tuliambiwa ya mwili yasitajwe hovyo, na mimi sipingi mafunzo yale, yalinilea. Lakini siku mgonjwa anapoanza kulowa, ukimya ule ule tuliofundwa ndio unaomuumiza. Anavumilia kimya, wewe unafua shuka kimya, na huko chini ngozi inabanduka kimya. Siku mtu anapofunua, ni nyama tupu.

Sasa niwaulize. Nani hapa amewahi kubangua korosho kwa mkono? Inueni mikono. Haya, karibu wote. Ndani ya ganda la korosho mna mafuta yanayounguza, nanyi mnayajua kuliko mimi. Yakikupata usoni unabaki na alama, kwenye vidole yanakubabua mpaka ngozi inatoka kama ya nyoka. Je, mbanguaji anafanya nini kabla hajakaa kitako na kokwa lake la kwanza? Anapaka mikono. Mwingine mafuta ya nazi, mwingine ya karanga, mwingine majivu. Anapaka kabla. Sijapata kumwona mbanguaji anayesubiri kwanza ababuke, ndipo atume mtoto dukani.

Basi mbona kwa mgonjwa tunasubiri? Mkojo tunajua utakuja. Choo tunajua kitakuja. Vinakuja kila siku, tena vingine vina saa zake. Lakini dawa tunaitafuta ngozi ikishachubuka. Kama leo mtaondoka hapa na jambo moja tu, liwe hilo la mbanguaji. Mengine nitakayosema ni matawi yake.

Nieleze kidogo kwa nini mkojo unaunguza, kwa sababu ukilijua jambo hutalazimika kukariri masharti. Ngozi ya mtu mzima ina uchachu kidogo. Wataalamu wanaupima kwa namba, namba ikipanda uchachu umepungua, na ngozi yenye afya huwa kati ya 4.5 na 5.5. Uchachu huo ni ulinzi, unazuia vijidudu na kushikamanisha ngozi. Mkojo unapotoka tu hauna ukali mkubwa. Ila ukikaa kwenye kitambaa, bakteria wanaugeuza kuwa amonia. Ni ile harufu inayochoma macho ukifunua shuka alfajiri. Amonia inaufuta uchachu wa ngozi, na ngozi inabaki kama nyumba isiyo na mlango.

Halafu tazama vidole vya mtu aliyefua ndoo tatu za nguo. Vimevimba, vimekunjamana, vimepauka. Ukivikwaruza kidogo vinachubuka. Makalio ya mgonjwa aliyelala kwenye unyevu usiku kucha yako hivyo hivyo, tena yamebeba uzito wa mwili mzima.

Choo ndicho kibaya zaidi, hasa cha kuhara. Tumboni mna vimeng'enya, kazi yake ni kusaga ugali, samaki, mafuta. Vikitoka nje na choo chepesi havijui kwamba vimeshatoka. Vinaendelea kusaga kilichopo, na kilichopo ni ngozi. Tena ngozi iliyopoteza uchachu wake ndiyo inayovipa nguvu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayelowa mkojo na kuhara kwa wakati mmoja msihesabu siku. Hesabuni saa.

Hapa lazima nikiri kosa langu, la ujanani. Katika hospitali moja, sitaitaja, nilipewa bibi mmoja wa Mikindani aliyepooza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na niliamini usafi ni nguvu. Nikamsugua bibi wa watu mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya mche, maji yenye dawa ya kuua vijidudu, na taulo la hospitali lililokauka juani likawa gumu kama mkeka. Nikimaliza namnyunyizia poda, ananukia kama mtoto mchanga. Nilijisifu. Siku ya nne nikafuta, nikaona kwenye taulo kuna kitu kama utando wa kitunguu. Ilikuwa ngozi. Bibi hakulia. Aligeuza uso akaniuliza polepole, "Mwanangu, unaniosha au unanipara kama changu?"

Swali lile sijalijibu hadi leo. Nilichofanya ni kuacha kupara watu.

Sabuni ya mche, ndugu zangu, ni ya nguo. Kipimo chake kwa zile namba nilizowatajia ni 9 mpaka 10, mbali kabisa na ngozi. Hata sabuni nyingi za kuogea ziko huko huko. Mgonjwa anayeoshwa kwa sabuni kila anapolowa anapigwa mara mbili: anapigwa na amonia, halafu anapigwa na sabuni. Tumieni sabuni laini, kidogo, mara moja kwa siku wakati wa kuoga, na suuzeni. Safari nyingine zote maji ya uvuguvugu yanatosha.

Nasikia mtu nyuma huko ananong'ona, "Maji yapi?" Usinong'one mama, sema. Mimi nimekulia kwenye uwanda huu wa juu. Nimepanda mteremko na ndoo kichwani nikitoka bondeni, na najua maana ya kununua ndoo ya maji halafu mtoto akaimwaga. Mtu wa mjini akija hapa akawaambia "osheni mgonjwa kwa maji mengi yanayotiririka" mnamtazama tu, mnamwona mgeni. Kwa hiyo nitawaeleza ninavyofanya mimi kwa kopo.

Mgonjwa akipata choo, kwanza usishike maji. Chukua kitambaa laini kikuukuu, kanga iliyochakaa ndiyo bora, ondoa kilicho kingi kwa kuokota, usiburute. Kilichogandia kipake mafuta, hata ya kupikia, kiache kilainike ukihesabu mpaka hamsini, kisha kifute taratibu. Kitatoka chenyewe. Ukianza na maji utatumia nusu ndoo na bado utasugua. Baada ya hapo sasa kopo moja la maji ya uvuguvugu na kitambaa kingine kisafi. Kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma, kila safari sehemu safi ya kitambaa, ili choo kisiende kwenye njia ya mkojo. Fungua mikunjo: kinena, chini ya tumbo, katikati ya makalio, kwa mwanamume chini ya korodani. Huko ndiko uozo unakoanzia na ndiko tunakoona haya kufika.

Kisha kausha. Kukausha si kufuta. Weka kanga kavu juu ya ngozi, bonyeza, nyanyua. Bonyeza, nyanyua. Kama unavyonyonya maji ya mvua kwenye kitabu cha mtoto cha shule.

Ndipo upake. Mafuta ya mgando yanayouzwa kila duka yanafaa, safu nyembamba tu, ngozi ing'ae. Ukiyarundika yataziba pampasi na mkojo utakosa pa kuingia, utabaki juu ya ngozi. Mgonjwa anayehara, au ambaye ngozi imeanza kuuma, mpake mafuta ya zinki, yale meupe mazito, ulizeni duka la dawa. Hayo yanashika. Na kwa sababu yanashika, safari nyingine akichafuka msiyakwangue yote. Ondoeni ile safu ya juu iliyochafuka, ya chini iacheni, ongezeni. Nimeona binti mwenye bidii anakwangua zinki ya mama yake kwa kucha ili aone kama pamepona. Palikuwa panapona. Mafuta ya nazi ni mazuri kuliko kukosa kabisa, lakini mkojo unayaosha haraka, kwa hiyo itabidi upake mara nyingi.

Poda acheni. Ikikutana na unyevu inakuwa matonge, na matonge yale kwenye mkunjo wa paja ni mchanga ndani ya kiatu.

Sasa kuona. Vitabu nilivyosomea vilisema angalia wekundu, na vilikuwa na picha za makalio ya Wazungu, mekundu kama nyanya. Nikafika wodini, wagonjwa wangu wote weusi kama mimi, nikasubiri wekundu. Haukuja. Ngozi yetu inapoumia huwa inaiva rangi, inakuwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, wakati mwingine inapauka na kung'aa kwa unyevu. Mpelekeeni mgonjwa mwanga, fungueni dirisha, linganisheni pale na ngozi ya karibu ambayo hailowi. Wekeni nyuma ya kiganja: je, pana joto kuliko jirani yake? Pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope? Na muulizeni panauma au panawasha. Asiyeweza kusema atakunja uso ukigusa. Uso huo ndio kitabu chenu.

Mkiona vipele vidogo vidogo pembeni ya jeraha, vimejitenga na pale palipoiva kama visiwa mbele ya pwani, hiyo mara nyingi ni fangasi. Fangasi hupenda sehemu ya joto na unyevu, na sisi tumemtengenezea kitanda. Hapo mafuta ya zinki peke yake hayatoshi, inahitajika dawa ya fangasi, na mtu wa afya athibitishe. Msinunue zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, kwa sababu jirani alipona mapunye. Steroidi ikipakwa muda mrefu inaikondesha ngozi, na hii ya mgonjwa wenu imeshakonda.

Kuna kuchanganya pia kati ya ngozi iliyounguzwa na haja na kidonda cha kulalia. Kilichounguzwa na haja kimetandaa, hakina mpaka, kiko juu juu, kinafuata njia ya mkojo: kwenye mikunjo, ndani ya mapaja. Kidonda cha kulalia kinakaa juu ya mfupa, mwisho wa mgongo, nyonga, kisigino. Kina ukingo na kinachimba kwenda ndani. Dawa yake ya kwanza ni kumwondolea mgonjwa uzito, kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto nyuma ya mgongo, visigino visiguse godoro. Hata upake nini, asipogeuzwa hakitapona. Na ngozi iliyolowa ikikaa juu ya mfupa inachanika haraka kuliko kavu, kwa hiyo mara nyingi mtavikuta viwili pamoja.

Nepi. Najua bei ya pampasi za watu wazima, na najua familia inayotumia moja kutwa nzima ili zifike mwisho wa mwezi. Siwalaumu. Ila pampasi iliyojaa ikakaa ni mbaya kuliko kitambaa kinachobadilishwa. Kanga na vitenge vya pamba vilivyokunjwa vinafaa sana, vipo vingi na vinafulika. Mgonjwa akiwa kitandani msimfunge. Mtandikie chini, iache wazi juu, ngozi ipate hewa, hasa kwa wenzetu wa Mtwara mjini na Lindi ambako joto la pwani linapika. Nepi mbili moja juu ya nyingine hazimkaushi. Zinamchemsha tu.

Na hili nimeliona kwa macho yangu, nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Watu wanatandika mifuko ya salfa chini ya shuka ili godoro lisilowe. Jamani! Mnakumbuka macho yanavyowasha mkipuliza salfa kwenye mikorosho. Vumbi lile likichanganyika na mkojo na jasho chini ya mtu asiyeweza kujigeuza, mnafikiri linafanya nini? Tafuteni nailoni safi, iwe chini kabisa, juu yake kitambaa kinene cha pamba, ngozi isiguse nailoni.

Vitambaa vikifuliwa visuuzwe mpaka povu liishe. Ukitumia jiki, suuza mara mbili. Vianikwe juani. Kisha, kama mna pasi ya mkaa, pigeni pasi, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wanaingia ngozini. Mtoto anayeruka ruka atajikuna utamwona. Mgonjwa aliyepooza hatajikuna.

Mama mmoja hapa mbele amenyoosha mkono muda mrefu. Ameuliza: korosho zikianza kuanguka, mwezi wa 10 mpaka wa 12, nyumba nzima iko shambani, mgonjwa anabaki na nani? Hilo ndilo swali la Newala, la Tandahimba, la Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Jibu la kitabuni sina. Ninachojua ni hiki. Asubuhi kabla ya kuondoka mpeni chai, subirini, mwekeeni bedipani au mkalisheni chooni baada ya robo saa hivi, maana tumbo la watu wengi huamka baada ya kupata kitu cha moto. Mtashangaa ni mara ngapi anatoa pale pale, na mzigo wa siku yenu umeshuka nusu. Kisha osheni, kausheni, pakeni zinki nzito kidogo kuliko kawaida. Halafu gawaneni zamu, hata kama ni mtoto wa jirani apitie saa nne kumgeuza na kumpa maji.

Nimesema maji. Wengi mnamnyima maji ili asilowe. Mmenyamaza, kwa hiyo mnafanya. Mkojo wa mtu asiyekunywa unakuwa mzito, wa rangi ya chai ya rangi, unanuka na kuunguza zaidi. Choo kinakuwa kigumu. Tena sikilizeni hapa: choo kikigandana kabisa, kile chepesi cha nyuma kinapenya pembeni na kutoka kidogo kidogo. Nyumbani mnasema anahara, mnampa dawa ya kufunga tumbo, kumbe amefunga tayari. Mgonjwa wa kitandani anayechafua kidogo kidogo kutwa nzima, na tumbo limejaa gumu, apimwe kwanza.

Na kila mara ulizeni kwa nini analowa. Mzee anayevujisha matone usiku na mchana huenda tezi dume imeziba njia, kibofu kimejaa na kufurika. Anayekojoa sana na kunywa sana apimwe sukari. Mkojo unaouma na kuleta homa una maambukizi. Ngozi mtaipaka mpaka mafuta yaishe dukani kama chanzo kiko pale pale.

Akina mama wa fistula nitawasemea peke yao. Uchungu pingamizi ukikaa muda mrefu, kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa, nyama inakosa damu, inakufa, inaacha tundu. Hakuna aliyerogwa. Hakuna aliyemkosea mume. Ni tundu, na tundu linashonwa. Hospitali ya CCBRT kule Dar es Salaam inatibu fistula bila kumtoza mgonjwa, na zahanati au hospitali yenu, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine kule Lindi, waulizeni njia ya rufaa. Aliyejifungua majuzi tu na anavuja asisubiri arobaini iishe. Awahi hospitali, kwa sababu tundu dogo likiwahiwa kwa mpira wa mkojo uliokaa wiki kadhaa wakati mwingine hujifunga lenyewe. Na wakati anasubiri safari, anywe maji kwa wingi. Wanawake hawa hujinyima maji kuliko wagonjwa wote, wanajificha harufu, na ndio ninaowaona wameunguzwa kuliko wote, chumvi za mkojo zimeganda kwenye ngozi kama mchanga. Maji mengi, mafuta ya mgando, vitambaa vya kubadilisha. Na mtu wa kukaa naye mkeka mmoja.

Kuna kijana alinifuata nilipokuwa naingia. Hajaoa, dada zake wako mbali, anamuuguza mama yake mzazi. Ameniambia anamwosha akiwa amefumba macho. Niliposikia hivyo nilisimama. Kijana, sitakutaja, lakini sikiliza, na wakwe mnaouguza wakwe zenu msikilize pia. Usifumbe macho, utaikosa ile rangi niliyosema. Mfunike mama kanga kuanzia kifuani mpaka magotini. Mwamkie kwanza. "Shikamoo mama. Naomba nikusafishe." Subiri aitikie, hata kwa kope. Kisha nyanyua upindo wa kanga sehemu ndogo tu unayoisafisha, funika, hamia nyingine. Mwambie unachofanya kabla mkono wako haujafika. Yeye amefunikwa, wewe unaona unachopaswa kuona, na adabu iko palepale. Mwili ni ule ule uliokubeba.

Ngozi ikishachanika je? Utaratibu ni ule ule, kwa mkono mwepesi zaidi na mara nyingi zaidi. Msimwagie spiriti. Msifungue kapsuli za dawa mkanyunyiza unga wake juu ya kidonda, mnawafundisha vijidudu kuizoea dawa na kidonda hakijapata kitu. Dawa ya meno ni ya meno. Mkisafisha na kupaka vizuri, siku chache tu mtaona maumivu yanapungua. Yasipopungua, nendeni. Na nendeni siku hiyo hiyo mkiona homa, usaha, harufu ya kuoza, nyama nyeusi, joto na uvimbe unaosambaa, au shimo linaloelekea mfupani. Na ninyi wenyewe: glavu mkiwa nazo, mfuko safi wa plastiki mkononi msipokuwa nazo, na sabuni ile ya mche niliyoitukana tangu asubuhi, hapo kwenye mikono yenu ndiyo kwake.

Mzee amesimama. Karibu baba, shikamoo. Anasema, na ninarudia ili wa nyuma wasikie kwa sababu amenipa ruhusa: "Na sisi tunaojilowesha wenyewe na hatujamwambia mtu?"

Marahaba ya kwako nimeipokea, baba, na asante. Naona vichwa vya wazee vinne vimeinama. Jumatatu nendeni zahanati, wote, pamoja, kama mnavyokwenda mnadani. Mwambieni mganga maneno hayo hayo bila kuyapamba: mkojo unakuja bila kuniuliza, umeanza lini, mara ngapi usiku. Mpimwe tezi na sukari. Na leo jioni, ukishaoga, mafuta ya mgando kinenani kabla ya kulala. Kabla, baba. Kama mbanguaji.

Haya, maneno yamekuwa mengi. Leteni lile godoro hapa katikati, na kanga mbili, na kopo. Moja tu, nimesema kopo moja. Wewe kijana mrefu hapo mlangoni, vua viatu uje ulale, utakuwa mgonjwa wetu. Usicheke, mgonjwa hacheki. Nani ataanza kumwamkia?